Kujichubua na Kujidanganya

Kupenda uzuri ni tabia aliyozaliwa nayo binadamu. Mtoto mchanga hukifuata kwa macho kitu king'aacho kabla hajajua kulitamka jina la mama yake. Mkulima amalizapo kupalilia shamba husimama kidogo akalitazama kwa furaha, ingawa mavuno bado yako mbali. Kwa hiyo, msomaji, kama umewahi kusimama mbele ya kioo ukatamani uso wako uwe laini zaidi ya ulivyo, hukutenda dhambi. Umetamani walichotamani wengi kabla yako.

Lakini kila tamaa ina mlango wake wa hatari, na mlango wa tamaa ya uzuri ni wepesi wa kuamini. Mtu atakaye kununua ng'ombe humfungua kinywa akamhesabu meno, akamtazama kwato, akamwuliza mwenyewe maswali kumi. Mtu huyo huyo, akiambiwa kwamba ipo dawa ya kumpa uso mpya kwa siku saba, hutoa fedha asiulize hata swali moja. Ng'ombe akifa hununuliwa mwingine; uso hauna duka. Swali tutakalolifikiri katika insha hii ni hili: Je, mtu ana haki ya kuamini jambo lolote juu ya mwili wake kwa sababu tu jambo hilo linampendeza? Au kuutafuta ukweli kabla ya kutenda ni wajibu, na aukwepaye anastahili lawama?

Tuanze na neno lenyewe. Mtoto akianguka, goti lake huchubuka. Mti ukikwaruzwa, gome lake huchubuka. Kuchubua ni kuondoa tabaka la juu. Katika siku zetu neno hili limepewa kazi mbili. Kwanza, watu husema fulani anajichubua wakiwa na maana kwamba anajipaka mkorogo ili ngozi yake nyeusi iwe nyeupe. Pili, katika zahanati za ngozi na katika vyumba vya urembo vya miji yetu, iko kazi ya kupaka asidi usoni ili tabaka la juu la ngozi lilegee na kubanduka, na jipya lishike mahali pake. Mambo haya mawili yanafanana kwa jina, lakini hayafanani kwa nia wala kwa njia. Kuyachanganya ni mwanzo wa makosa mengi.

Ili tuyaone makosa hayo vyema, hapana budi tuijue ngozi kwanza. Ngozi si kitambaa kimoja kilichotandazwa juu ya nyama. Ina matabaka. Tabaka la juu ni jembamba. Mahali pengi mwilini halifikii unene wa milimita moja. Chembe hai zake huzaliwa chini, hupanda juu polepole, hukauka, hufa na kupukutika. Safari hiyo huchukua yapata mwezi mmodi au zaidi kidogo. Kwa hiyo sisi sote, pasipo dawa yoyote, hubadilisha tabaka la juu la ngozi mara nyingi kwa mwaka. Chini yake liko tabaka nene lenye mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, mizizi ya nywele na tezi za jasho. Jeraha likifika huko, mara nyingi huacha kovu.

Mpakani mwa matabaka hayo mawili hukaa chembe zitengenezazo rangi iitwayo melanini. Sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui: idadi ya chembe hizo hukaribia kuwa sawa kwa watu wote, awe Mwafrika, Mhindi au Mzungu. Zinazotofautiana ni kiasi na aina ya rangi zinayotengeneza. Na rangi hiyo haikuwekwa kwa pambo tu. Ni mwavuli. Huuzuia ukali wa jua usiziharibu chembe zilizo chini yake.

Kazi ya kuchubua kwa asidi si mpya. Wamisri wa kale husimuliwa kuwa walijipaka maziwa yaliyochacha, na maziwa hayo yana asidi ya laktiki. Mwaka 1882 daktari wa ngozi wa Kijerumani, Paul Gerson Unna wa mji wa Hamburg, alieleza matumizi ya asidi ya salisiliki, asidi ya trikloroasetiki na fenoli juu ya ngozi. Leo madaktari huigawa kazi hii katika daraja tatu. Iko ile ya juu juu, igusayo tabaka la juu peke yake, kwa asidi kama ya glaikoliki, ya laktiki au ya salisiliki. Iko ya kati, ishukayo mpaka mwanzo wa tabaka la pili, aghalabu kwa asidi ya trikloroasetiki. Na iko ya kina, kwa fenoli, ambayo ni kazi nzito yenye hatari zake. Kwa kuwa fenoli huingia katika damu na yaweza kuvuruga mapigo ya moyo, daktari huifanya huku moyo wa mgonjwa ukiangaliwa kwa mashine.

Sasa tuyatazame mambo yanayoaminiwa na wengi, moja baada ya moja, tuone yanasimama juu ya nini.

La kwanza ni imani kwamba ngozi ikichubuliwa, itakayotokea chini yake itakuwa na rangi nyingine, kana kwamba kila mtu mweusi amefunikwa na vazi na chini ya vazi hilo yuko mtu mweupe anayengoja kufunguliwa. Haya si kweli. Chembe zitengenezazo rangi hubaki mahali pake, na tabaka jipya lipandapo hupanda na rangi ile ile aliyozaliwa nayo mwenyewe. Tena liko jambo la kutisha zaidi. Chembe hizo zikiudhiwa kwa asidi kali, hutengeneza rangi nyingi kuliko kawaida, na hapo uso hutoka mabaka meusi yawezayo kukaa miezi mingi. Ngozi nyeusi, kwa kuwa chembe zake ni hodari katika kazi hiyo, huwa rahisi zaidi kupatwa na mabaka. Akimbiaye weusi kwa njia hii huweza kuukuta umemtangulia, ukimngoja mashavuni.

La pili ni imani kwamba kadiri dawa inavyowasha na ngozi inavyobanduka ndivyo inavyofanya kazi. Labda imani hii imetokana na dawa chungu tulizonyweshwa utotoni, tukaambiwa kuwa uchungu ndio uponyaji. Lakini maumivu ni mbiu ya mgambo: ikilia kuna jambo. Kuchubua kwa juu juu, kukifanywa vizuri, mara nyingi hakuonyeshi ila mabandiko madogo kama ya ngozi iliyokauka kwa upepo wa baridi, na wakati mwingine hata hayo hayaonekani, na huku faida imepatikana. Aungojaye uso wake ubanduke kama gamba la nyoka ndipo aridhike, anangoja jeraha.

La tatu ni imani kwamba kilichotoka katika matunda au mimea hakiwezi kudhuru. Ni kweli kwamba asidi ya glaikoliki hupatikana katika miwa, na ya laktiki katika maziwa yaliyoganda. Lakini mnyaa pia ni mmea, tena ni ua la boma la watu wengi, na utomvu wake ukiingia jichoni huweza kuleta upofu. Muhogo mchungu ni chakula cha Mungu, na asiyejua kuutayarisha huweza kufa nao. Hata ndimu, iliyo jikoni mwa kila mtu, maji yake yakipakwa ngozini kisha mtu akatoka juani, huweza kuleta malengelenge na madoa meusi. Asili ya kitu haituambii kama kitadhuru. Kiasi chake, ukali wake na muda wa kukitumia ndivyo vituambiavyo.

La nne ni imani kwamba kazi hii ni nyepesi, na kwamba aliye na chupa na kioo ana yote yanayohitajiwa. Ukali wa asidi haupimwi kwa macho. Chupa mbili zaweza kufanana kama mapacha, moja ikawa na asidi sehemu 10 kwa 100 na ya pili 70 kwa 100. Dakika chache kupita kiasi hutosha kuigeuza tiba kuwa moto. Na mtu akisha kuchubuliwa huwa ameuvua mwavuli wake kwa muda. Jua lililokuwa rafiki huwa adui, na asipojikinga nalo kwa majuma kadhaa hupoteza alichokipata. Mwezi wa Julai 2024, idara ya Serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliwaonya watu wasinunue asidi kali za kuchubua ngozi wakazitumia nyumbani pasipo msimamizi mwenye ujuzi, kwa sababu zinaweza kuunguza na kudhuru ngozi vibaya. Ikiwa nchi yenye madaktari wengi inaonya hivyo, sisi tunaonunua vichupo visivyo na anwani ya mtengenezaji twapaswa kuonywa mara mbili.

La tano ni kosa la upande wa pili. Wako watu waadilifu ambao, kwa kuchukia mkorogo, hulaani kila asidi na kila agusaye ngozi. Husema kwamba mtu mweusi hapaswi kabisa kutibiwa kwa njia hii. Nao pia wamehukumu kabla ya kusikiliza. Daktari wa ngozi anayejua kazi yake huweza kumtibu kijana mweusi mwenye chunusi sugu au madoa yaliyoachwa na chunusi, kwa asidi nyepesi, kidogo kidogo, mara kadhaa, akipumzisha ngozi kwa majuma baina ya mara moja na nyingine. Kijana huyo hajikani. Anatibiwa, kama atibiwavyo mwenye jino bovu. Wema usio na maarifa huweza kumnyima mgonjwa tiba, kama vile tamaa isiyo na maarifa iwezavyo kumpa mzima ugonjwa.

Baada ya kutenganisha tiba na upumbavu, tuutaje mkorogo kwa jina lake. Humo hutiwa mara nyingi zebaki, au hidrokwinoni, au dawa kali ambazo daktari huzitoa kwa kipimo na kwa muda mfupi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za watu wazima 60 waliougua maradhi ya mafigo yaletayo uvimbe wa mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Waliipaka usoni, nayo ikapita ngozini, ikaingia katika damu, ikayafikia mafigo ambayo hayana habari ya urembo. Huko Afrika Kusini, watu waliotumia hidrokwinoni kwa miaka mingi walitokwa na weusi wa kibuluu mashavuni usiofutika kwa urahisi. Na mwaka 1990 serikali ya nchi hiyo iliipiga marufuku katika vipodozi. Mwaka 2013 mataifa yaliafikiana katika Mkataba wa Minamata kuipunguza zebaki duniani, na vipodozi vya kung'arisha ngozi vikatajwa humo. Yote haya yamejulikana kwa miaka mingi, na bado mkorogo unauzwa. Kwa nini?

Hapa ndipo tunapofika katika kiini cha swali letu. Yamkini utasema kwamba watu hawajui. Wengine hawajui kweli. Lakini wako wanaojua, au ambao wangeweza kujua kwa kuuliza mara moja, nao hawakuuliza kwa sababu waliliogopa jibu. Kutojua kwa mtu asiye na mwalimu ni msiba. Kutojua kwa mtu aliyeziba masikio ni uchaguzi, na kila uchaguzi una mwenyewe wa kuujibia. Mtu aaminipo jambo kwa sababu linapendeza, huwa amemfanya mtamaniji aliye ndani yake kuwa hakimu. Na hakimu aliyekwisha kula rushwa hawezi kutoa hukumu ya haki.

Pengine msomaji atajibu kwa ukali, "Mwili huu ni wangu. Nikiuharibu, nimejiharibia mwenyewe." Jibu hili lina nguvu, wala halifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba hakuna mwingine apaswaye kuutawala mwili wako. Lakini tulipime neno hili "wangu". Shamba ni langu pia, na bado jirani zangu wana haki ya kulalamika nikiliwasha moto wakati wa kiangazi. Mafigo yakishindwa kufanya kazi, mama mzazi ndiye auzaye mbuzi ili kulipia hospitali. Mwanamke mwenye mimba ajipakaye zebaki haimtoshi yeye peke yake. Sumu hiyo huweza kumfikia mtoto tumboni, ambaye hakuulizwa wala hakuwa na kioo. Tena mwili wa leo si wa mtu wa leo tu. Msichana wa miaka 16 anaushika kwa amana mwili wa mwanamke wa miaka 50 atakayekuwa baadaye. Mwanamke huyo hawezi kurudi nyuma kumshika mkono na kumwambia, "Usifanye." Ni wajibu wa msichana kumwazia. Kwa hiyo, kuwa mwili ni wako hakukuondolei wajibu wa kuuliza. Ndiko kunakokupa wajibu huo kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, tusimwachie mtumiaji mzigo wote. Muuzaji ajuaye kilichomo chupani akanyamaza ana sehemu yake, na ni kubwa. Naye kinyozi au msusi anayepaka asidi asiyoijua, kwa kuwa aliona mwenzake akifanya, ana sehemu yake. Lakini iko sehemu nyingine isiyouzwa dukani, nayo ni yetu sisi tulio wengi. Nani aliyemwambia msichana kwamba weusi ni kasoro? Aliambiwa na shangazi aliyemtazama mtoto mchanga akasema, "Ni mzuri, bahati mbaya ni mweusi." Aliambiwa na wavulana waliomwita majina kwenye njia ya shule. Aliambiwa na picha za matangazo, na na nyimbo za mapenzi zisizomsifu ila mweupe. Kila mmoja alisema neno moja, kisha akalisahau. Yeye aliyakusanya yote, na siku moja akayapeleka dukani. Tukimcheka kwa mabaka yake, tunamcheka kwa jeraha ambalo ndimi zetu zilishika kisu.

Wala haifai kumponya kwa kumkataza kujipamba. Wazee wetu wa pwani walijua kujipamba vyema. Bibi arusi alisugulia singo, alipakwa liwa, alitiwa hina mikononi na wanja machoni. Mambo hayo yalimpamba mtu aliyekuwapo. Yalisema, "Tazameni, huyu ni wetu, na leo ni siku yake." Hina ilipofutika, alibaki yule yule, naye hakuwa na sababu ya kujificha. Pambo la haki humheshimu mwenye kupambwa. Pambo linalomtaka kwanza ajichukie, ndipo litamfaa, limeanza kazi yake kwa kumwibia.

Sasa, wewe msomaji uliye katika umri ambao kioo kina maneno mengi, nakupa maswali manne ya kubeba pamoja na vitabu vyako. Kitu hiki nitakachopakwa ni nini, na kina ukali gani? Kinafanyaje kazi katika ngozi kama yangu? Nani atakayejibu kikinidhuru, na nitampata wapi? Na la nne, ambalo hakuna awezaye kukujibia: Je, natafuta kuponywa ugonjwa, au nakimbia sura niliyopewa na wazazi wangu? Ukiwa na chunusi zinazokutesa, mwambie mzazi au mwalimu wako, uende kwa daktari, na usione haya. Ugonjwa wa ngozi ni ugonjwa kama mwingine. Lakini ukiona kwamba huna ugonjwa ila umechoshwa na maneno ya watu, basi jua kwamba asidi haiyafikii maneno. Huishia ngozini.

Pia unayo kazi nyingine, nyepesi zaidi, isiyohitaji fedha wala daktari. Ulimi wako ni wako, na huo nao una wajibu. Utakaposikia mwenzako akichekwa kwa weusi wake, usicheke pamoja nao. Utakapomwona aliyeharibika uso kwa mkorogo, mwelekeze kwa daktari kwa upole, maana fedheha aliyo nayo inamtosha. Na utakapomsifu mdogo wako kwa uzuri, usitie neno "lakini" katikati. Neno hilo dogo limewapeleka wengi dukani.

Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu, huja kinyume. Lakini ukweli hauhitaji kuja kinyume. Huja mbele kwa yeyote aliye tayari kuuliza. Apendaye uzuri na aupende pamoja na ukweli, kwa kuwa uzuri uliojengwa juu ya uongo humlazimisha mwenyewe kuulinda kila siku kwa sumu, na uliojengwa juu ya ukweli unahitaji maji safi, usingizi wa kutosha, na moyo usioogopa mwanga wa mchana.